Ukichukua Kigoda, Uchukue na Watu Wake

Chanji, Sumbawanga
Mchana, mabegi yako yakiwa yamejaa sebule nzima

Leokadia,

Marahaba. Najua hujaniamkia tangu juzi, lakini mimi naitikia tu. Nisipoitikia, nyumba itakuwa na mabubu wawili, na mama yako anasema mmoja anamtosha.

Nakuandikia kwa sababu nikianza kusema unaingia chumbani. Barua haina mlango wa kubamiza. Umekwenda kuaga wenzako, mama yako yuko jumuiya, na mimi nimekaa hapa uani na ile kalamu yako inayoandika kijani. Ukikuta maneno nimeyakosea, yaache hivyo hivyo. Darasa la nne la enzi zetu lilikuwa darasa hasa, ila mimi niliondoka kabla halijaisha.

Habari za safari sina. Usipokee juisi ya mtu, usilale mdomo wazi, ufiche hela pale, usifiche pale: mama yako ameyasema mara nyingi mpaka mimi nisiyesafiri nimeyashika yote. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni kigoda.

Usigune. Nimekuona unaguna.

Yule bwana wako wa Arusha alipokuja hapa, nilimkaribisha vizuri. Nilimpa kiti cha plastiki, cheupe, chenye miguu yote minne. Hakukitazama. Akapiga magoti sakafuni kama mtu anayetaka kuungama, akakipindua kigoda cha watu chini juu, akavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza, halafu akakinusa. Kadia, mtu mzima, mwenye gari lake, ananusa mahali ambapo vizazi na vizazi vimeweka makalio! Nikamwangalia mama yako. Mama yako akaangalia ukuta.

"Mzee," akaniuliza, "hiki kilikuwa kinatumika kwenye shughuli gani?"

"Kukalia," nikasema.

"Kukalia kwa namna gani? Kwenye matambiko?"

"Unakunja magoti, halafu unashuka polepole."

Wewe ukanikanyaga mguu. Halafu ukafungua mdomo, na hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia. Ulimwambia ni kigoda cha chifu. Chifu gani, Kadia? Kasiano wa Mollo, mwenye kigoda, alilima maharage, na Jumapili alikuwa mwamuzi wa mpira, tena mwamuzi mbaya, aliyewahi kukimbizwa na timu zote mbili siku moja. Kama yule ni chifu, basi mimi ni askofu, na mama yako ana kesi ya kujibu.

Yule bwana akaamini. Akasema binti mwenye jicho kama lako hapaswi kuozea Sumbawanga, uende ukafanye kazi kwenye duka lake la vitu vya kale, na uende nacho. Ukajibu, "Nitakuja nacho." Hukugeuka kuniangalia. Nitakuja nacho! Kana kwamba ni mwavuli.

Sasa sikiliza. Jicho unalo, hilo silibishi. Ulikuwa nalo tangu nakupakia kwenye bomba la baiskeli, miguu haifiki popote. Tulikwenda nyumba moja njia ya Namanyere, wenyewe wakanitolea ngoma, wakanitolea kinu, wakanitolea mpaka mlango. Wewe ukaenda zako jikoni, ukarudi umekumbatia upawa wa mti uliolika upande mmoja, ukalala nao. Kila nikiuvuta unalia. Nikauchukua kwa sababu ya kelele zako, nikawaachia bakuli la plastiki jekundu. Tajiri wangu wa Mbeya, aliyenipa plastiki na kununua nilivyoleta, alipofungua mzigo, ngoma aliisogeza kwa mguu. Upawa aliushika kwa mikono miwili.

Lakini usiende kuwaambia watu wa Arusha kwamba baba yako alikuwa mkusanyaji wa sanaa. Nimekusikia ukimwambia yule bwana hivyo, nikatamani kuingia chini ya kochi. Mimi nilibadilisha plastiki na mti, basi. Nilifunga viti nyuma ya baiskeli, kimoja juu ya kingine, nikatundika mabeseni na ndoo pembeni, nikapanda vilima vya Ufipa yote naonekana kwa mbali kama jiko linalohama. Watoto walinikimbilia wakiimba, "Baba Plastiki!" Mtu ananipa kigoda cha babu yake, mimi nampa kiti chenye mgongo cha kuegemea. Na usije ukadhani niliwaibia. Walifurahi! Kigoda cha mti kinamfinya mtu mwenye umri, na hakina mahali pa kuegemea. Wewe unakipenda kwa sababu hujawahi kukikalia tangu asubuhi mpaka pombe iishe.

Ile kazi niliiharibu mara nyingi, nikuambie machache ili na wewe usianze na makosa yangu. Anza na ya kwako.

Mimi nilikuwa nikiingia kwa watu, jicho langu linaenda moja kwa moja kwenye kitu ninachokitaka. Mwenye nyumba si mjinga, analifuata jicho. Hapo bakuli lililokuwa la mbwa linageuka kuwa la marehemu bibi. Baadaye nikajifunza kuangalia kuku. Nikifika, macho kwa kuku tu: kuku huyu mzuri, kuku huyu mnene. Matokeo yake nikawa narudi nyumbani na kuku. Mama yako alifurahi kipindi kile, lakini biashara haikuwa ya kuku.

Halafu kuna lile jembe. Wewe unajua majembe ya zamani yalivyotafutwa, yale ya chuma chetu wenyewe, kilichoyeyushwa kwenye yale matanuri marefu ya udongo ambayo sasa mbuzi wanajikunia. Fundi mmoja wa kufua chuma akanipa la kwake, zito, jeusi, limekula kutu vizuri. Nikampa viti na ndoo juu. Tajiri akalikwangua kwa kisu akacheka mpaka akakaa: springi ya gari! Nikarudi kwa yule fundi nikiwa natoka povu.

"Ulinidanganya! Ulisema ni la zamani!"

"Zeno," akasema, hata kufua hakuacha, "wewe uliulizia la zamani. Gari lenyewe nilikolitoa ulikuwa unalijua? Lilikuwa la zamani sana."



Sasa Kasiano. Kigoda chake nilikiona siku ya kwanza nilipoingia Mollo, na kuku wote nikawasahau. Kifupi, cheusi, miguu mitatu iliyotokana na gogo moja, kwenye ukingo kuna alama ya kuungua. Babu yake alikuwa mfua chuma, alikalia hicho akivukuta moto, cheche ikadondoka hapo. Huo ndio utukufu wake wote. Nilimwambia nitampa viti viwili. Akasema hapana. Nikasema viti na meza yake. Akasema, "Zeno, plastiki yako hainijui." Kila nikipita, nauliza. Kila nikiuliza, ananipa pombe. Tukaendelea hivyo miaka, mpaka mke wake, Bibi Edelfrida, akawa ananiwekea kikombe changu.

Kasiano akafa. Mimi nilikuwa huku na huko, habari ikanifikia imepoa. Nikafunga viti viwili vizuri kuliko vyote, nikaenda Mollo. Kuhani msiba? Ndiyo, kuhani. Viti? Na viti pia. Usiniangalie hivyo kwenye karatasi.

Nilifika siku ya kumaliza matanga, mvua imenipiga njia nzima. Uani watu wamejaa pembeni, kwenye mikeka na magogo, na katikati kabisa kigoda kimewekwa peke yake, kinang'aa mafuta. Hakuna mtu karibu nacho. Mimi nikaona bahati imeniamkia. Nikajisemea, hawa hawakitaki. Nikatoa pole, nikamkabidhi Bibi Edelfrida viti vyake kwa heshima zote. Halafu nikafanya kitu ambacho sisi wa biashara ile tulikuwa tunakifanya bila kufikiri. Kabla ya kutaja utakachotoa, unakikalia kitu cha mtu, unajitikisa kushoto na kulia, unakunja uso, unasema, "Mh, hiki kinacheza." Hata kama kimetulia kama jiwe. Mwenyewe anaanza kukionea aibu, na wewe unatoa kidogo.

Nikakaa. Nikajitikisa. Nikafungua mdomo niseme kinacheza.

 Mtoto aliyekuwa analia aliacha. Halafu mama mmoja akapiga kigelegele, wa pili akakidaka, uwanja wote ukalipuka. Bibi Edelfrida akainuka, akaja na kibuyu cha pombe, akanishikisha mkononi.

"Karibu nyumbani, Kasiano," akasema. "Umechelewa."

"Mama, mimi Zeno. Zeno wa plastiki."

"Ulikuwa," akasema. "Kunywa."

Pius, mwanawe mkubwa, mwanaume mwenye mvi kunizidi mimi, akapiga goti kwenye matope. "Shikamoo, baba."

"Mimi si baba yako!"

"Na yeye alikuwa anasema hivyo hivyo nikimwomba hela," akasema Pius.

Hivi ndivyo ilivyo kwa ukoo wa Kasiano, na mimi ningejuaje? Kwetu mzee akifa tunagombania redio. Kwao, siku ya kumaliza matanga, kigoda cha mzee kinapakwa mafuta na kuwekwa uani, na atakayekikalia anachukua jina lake na kazi zake zote. Anasuluhisha, anapokea posa, anaamua nani alime wapi. Tatizo ni kwamba Pius na mdogo wake Festo walikuwa wanagombania shamba la bondeni, lile lenye maji, na kila mmoja aliapa mwenzake hatakaa. Msimu ule Pius alikuwa ameng'oa maharage yote ya Festo, na Festo akamvizia njiani na jembe, majirani ndio waliowaachanisha. Kigoda kilikaa uani tangu alfajiri, wote wanakitazama, hakuna anayethubutu. Halafu anatokea mjinga mmoja na viti vya plastiki, hata karibu hajaambiwa, anakaa moja kwa moja. Unadhani walitafuta mchawi? Walimshukuru Mungu. Nilikuwa mzuri kwa sababu sikuwa wa yeyote.

Jioni walinifungia kigoda kwenye karia ya baiskeli, kwa sababu anayekikalia ndiye anayekitunza. Nilipofika nyumbani, mama yako alikuwa mlangoni.

"Kumbe umekipata?"

"Kimenipata," nikasema.

Nikamweleza. Akauliza, "Na huyo mjane? Naye umemrithi?" Nikamwambia tulia, Bibi Edelfrida mwenyewe alikwishanipima kwa macho akasema mume mmoja anayekoroma alimtosha.

Toka siku ile, Kadia, mimi sijapumzika. Nilitaka kigoda, nikapewa ukoo. Ng'ombe wa jirani, kijana mmoja wa Kisukuma, wameingia kwa Festo: "Baba, njoo." Naenda nimevimba, yule kijana ananiamkia kwa adabu hadi nasahau niliyokuja kugomba, tunaishia kunywa maziwa. Binti wa Pius anaposwa: "Babu, njoo." Mtoto kazaliwa hataki kunyonya: "Babu, njoo." Mimi nitamnyonyesha? Nimelia misiba ya watu nisiowajua mpaka nikawajua, na nilipowajua nao wakafa, nikalia tena. Lile shamba la bondeni niliwagawia kwa kamba, kila mtu akanung'unika sawa, nikajua nimegawa vizuri.

Na mahindi uliyokula bweni unadhani yalitoka wapi? Plastiki haioti. Sikuambii hivi uone aibu. Nakuambia kwa sababu uliniandikia kulalamika kwamba maharage yana mawe. Yale yalikuwa mawe ya Mollo, nilitaka uyajue kwa jina.

Na nilijaribu kukiuza. Ndiyo. Usidhani wewe ndiye wa kwanza nyumba hii kuwa na akili. Tajiri wa Mbeya alikiona akapagawa. Mimi nikaona niende kwa Bibi Edelfrida niulize kwanza, nisije nikalaaniwa. Nilimkuta anapukuchua maharage.

"Nikikiuza kile kigoda, utasemaje?"

"Uza," akasema. "Si chako?"

"Kweli kabisa?"

"Kweli. Ila ukikiuza utuuze na sisi. Mwambie huyo tajiri tuko wengi, tunakula sana, na Festo ana hasira. Atakapopata mgogoro wa kwanza, mwonyeshe njia ya kuja."

Akaendelea na maharage yake. Nilirudi Chanji naisukuma baiskeli, sijaipanda hata mteremkoni, nacheka peke yangu na kutukana. Tajiri akanitangaza mpaka Tunduma kwamba nimechanganyikiwa. Viti vyangu akampa mtu mwingine akabadilishane, na biashara yangu ikafa hivyo hivyo.

Kwa hiyo sikulaumu kwa kukitaka. Nakilaumu kichwa chako kwa mambo mengine. Kwanza umekipaka mafuta ya kupikia ukakipiga picha, sasa kinanuka chapati. Pili unakiita "kipande". "Hiki kipande, baba, kina thamani." Kipande cha nini? Na tatu, hilo ndilo baya kuliko yote, yule bwana amesema kitu bila historia hakinunuliwi, ukae uandike historia yake fupi kwenye kadi. Nawe ukakaa hapo kwenye kochi langu, ukatunga. Chifu. Vita. Sijui mwezi mpevu. Mimi nimelala chumba cha pili, niko hai, nakohoa, hukunigongea ukaniuliza hata neno moja! Miaka yote hiyo ulijua kuna "watu wa Mollo", ukadhani ni ndugu wa mama yako. Mama yako akadhani nimekueleza. Na mimi nilidhani mtoto anayependa vitu vya kale ataulizia kimoja kilichoko kwao. Haya, hapo na mimi ni mjinga. Tugawane.

Jumapili iliyopita nilikwenda kuwaambia kwamba unaondoka. Bibi Edelfrida sasa haoni vizuri, lakini alinisikia tangu njiani.

"Unakohoa vibaya, Kasiano."

"Vumbi."

"Vumbi la tangu mwaka jana? Wewe umekwisha."

"Nimekwishaje, na ugali nimeumaliza?"

"Unakula, lakini umekwisha," akasema. "Yule binti yako akikalie kabla hajasafiri."

Nikamwambia ni msichana, tena anakwenda Arusha. Akauliza, "Ana simu?" Nikasema anazo mbili. "Basi. Wewe mwenyewe siku hizi unatusuluhisha kwa simu ukiwa mashineni kusaga, tunasikia unga unavyomwagika. Au huyo wa Arusha atakosa mtandao?"

Pius na Festo walikuwepo. Nimewaona, Kadia, na nakuambia kitu ambacho sijamwambia mama yako. Wameanza tena kuulizana mpaka wa lile shamba uko wapi. Kwa upole. "Kaka, hivi ule mti ulikuwa wako au wangu?" "Sijui, mdogo wangu, tutaangalia." Upole ule siupendi. Watoto wao wakubwa walikuwa wamesimama nyuma yao, huku wa huyu, kule wa yule, na wale vijana hawajui kilichotokea zamani, wana nguvu tu. Wananisubiri mimi nife. Nikifa kigoda hakipo, au kipo kwenye kabati la kioo Arusha kina kadi inayosema chifu, pale uani patawekwa nini? Kile kiti changu cha plastiki? Nilikiona, kimepasuka mgongo.

Sitakukataza. Nimekukataza mambo mengi maishani na sikumbuki hata moja uliloliacha. Kazi ya Arusha naitaka uifanye. Utaijua kuliko nilivyoijua mimi, na utawapiga chenga watu wenye miwani mbili. Tena sijui kama ukienda bila kigoda yule bwana atakupokea. Inawezekana akakugeuza pale pale mlangoni, ukarudi hapa umenuna, ukaninyima shikamoo mwaka mzima. Hilo nimeliwaza, na limeninyima raha kuliko kikohozi. Na ukienda nacho, utapata kazi, utakula, mimi nitakwenda Mollo kuwaeleza, na nitakachowaeleza sikijui.

Basi nimefanya hivi. Nimekifunga kigoda kwenye gunia safi, kipo hapo kando ya begi lako jekundu. Nimekufungia mwenyewe kwa mkono wangu, usije ukasema baba alikificha. Kamba nimeifunga fundo la kawaida, linafunguka kwa kuvuta mara moja.

Halafu nikapiga simu Mollo. Niliwaambia siku na basi. Usiruke juu, sikuwaambia kilichomo kwenye gunia. Wanakuja kukuaga stendi, wote. Pius anakuja na wanawe, Festo na wanawe, na bila shaka wataleta mahindi mabichi ambayo kondakta atayakataa. Bibi Edelfrida anapandishwa bajaji, ameniambia lazima akushike uso, maana kukuona hawezi tena. Nilimwambia ni asubuhi mno, baridi ya Sumbawanga itamuua. Akanijibu nisimfundishe baridi.

Mabasi yetu unayajua, yanasema saa hii yanaondoka saa ile. Mtasimama pale muda mrefu. Miguu ya yule bibi haiwezi kusimama, na pale penye basi lenu hakuna benchi wala jiwe, ni matope na watu. Mimi nitakuwepo, nimeshika begi lako jekundu, sitasema neno, na mama yako ataweka picha yangu ukutani kwa muujiza huo. Gunia utakuwa umelishika wewe, na fundo lake unalijua.

Baba yako,
Zeno. Kule Mollo, Kasiano.